Bei ya Kioo Iko Kwenye Gundi

Ukienda Kariobangi Light Industries kuuliza bei ya kioo cha mbele cha gari, hupewi bei. Unaulizwa maswali. Gari gani? La mwaka gani? Kioo kina utepe wa rangi kwa juu au hakina? Hapo katikati, karibu na paa, kuna kamera? Unataka cha China, au kile kilichong'olewa kwenye gari lililokatwa Japani? Swali ambalo mafundi wachache sana huuliza ni hili: gari unalitaka saa ngapi? Nimefikia kuamini kwamba hilo ndilo swali lenye bei ndani yake.

Aliyenifikisha hapo ni mdogo wangu. Anakaa Umoja Innercore na anaendesha teksi ya kuitwa kwa simu, na gari si lake. Ni Toyota Fielder ya bwana mmoja wa Syokimau ambaye kila Jumapili jioni hungoja hesabu ya wiki kwenye M-Pesa. Uber ilipoingia Nairobi mwanzoni mwa 2015, kisha washindani wake wakafuata, magari ya namna hiyo yalijaa Eastlands, mitaa ya mashariki mwa jiji: Probox, Axio, Vitz, Fielder, Note. Mengi hulala nje, yamebanana kando ya barabara za mitaa, kwa kuwa ghorofa za Umoja na Kayole zilipanda bila mtu kufikiria gari litalala wapi.

Alfajiri moja alikuwa amebeba abiria kutoka Ruai, anakuja mjini kwa Kangundo Road. Maeneo ya Njiru lori la kokoto likaingia barabarani mbele yake. Watu wa upande ule wanayajua malori hayo. Yanatoka kwenye machimbo ya mawe yakiwa yamejazwa hadi kupita mbao za pembeni, hayana turubai, na kila yakipanda tuta, kokoto mbili tatu zinashuka. Ile iliyompata ilitua upande wa abiria, chini kidogo ya katikati. Alama iliyoacha haikutosha hata sarafu ya shilingi moja. Abiria alishtuka, akapangusa magoti yake kama aliyemwagikiwa na kitu, kisha akarudi kwenye simu yake. Walifika mjini salama.

Kidoa hicho kilikaa kimya wiki kadhaa. Mdogo wangu alikiangalia kila asubuhi, akikipapasa kwa kidole kwa ndani, na kwa ndani kioo kilikuwa laini kabisa. Kisha ikaja siku ya jua kali. Gari lilikuwa limeshinda juani Donholm likingoja wateja, mvua ya ghafla ikanyesha jioni, na kwenye tuta la Mutindwa, soko likiwa limefurika, akasikia mlio mdogo mkavu. Ufa ulitoka kwenye kile kidoa, ukapanda, ukakunja kona kuelekea upande wa dereva. Usiku alinipigia. Hakusema kioo kimepasuka. Alisema, "Dada, kesho sijui nitafanyaje na hesabu."

Mimi nilikuwa nimewahi kuona kioo cha gari kikivunjika, na hakikuvunjika hivyo.

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 7 Julai 1990, siku ambayo nchi nzima inaiita Saba Saba. Mkutano wa kudai vyama vingi ulikuwa umepangwa uwanja wa Kamukunji na serikali ilikuwa imeupiga marufuku. Kenneth Matiba na Charles Rubia, walioutangaza, walikuwa tayari wamekamatwa siku chache kabla. Sisi tulikaa Makongeni, kwenye nyumba za Reli, kwa sababu Baba alikuwa fundi katika karakana ya Reli. Alikuwa na Peugeot 504, pikapu, aliyoinunua kwa mkopo wa chama cha ushirika, na siku za mapumziko alibeba mboga za akina mama kutoka Marikiti. Siku hiyo alinibeba na mimi. Tulikuwa Landhies Road, kabichi nyuma, vijana wakikimbia pande zote, harufu ya mpira unaoungua, jiwe likaja.

Kioo chote kiligeuka cheupe mara moja. Hakikuanguka. Kilisimama pale pale kwenye fremu, kimepasuka vipande maelfu vilivyoshikana, na barabara ikatoweka mbele yetu. Baba hakusimamisha gari, maana kusimama kungekuwa hatari zaidi. Alivuta gunia lililokuwa chini ya miguu yangu, akalizungushia ngumi, akapiga kioo mbele ya uso wake mpaka akapata tundu la kuonea. Chembe zilimwagika mapajani mwetu kama chumvi ya mawe. Zilikuwa butu, hazikutukata. Baadaye watu walisema waliopungia vidole viwili, alama ya vyama vingi, waliachwa wapite. Baba mkono mmoja ulikuwa kwenye usukani na mwingine umefungwa gunia.

Kioo kile kilikuwa cha aina moja na vioo vya milango: kipande kimoja kilichopashwa moto mkali kisha kikapozwa ghafla, kikawa kigumu sana, lakini kikishindwa kinashindwa chote. Magari mengi ya zamani yalikuja na kioo cha mbele cha aina hiyo. Kwa dereva kilikuwa kama pazia linaloshushwa bila taarifa.

Bima ya Baba ilikuwa ile ya lazima tu, ya kumlipa mtu uliyemgonga, kwa hiyo kioo kilikuwa mzigo wake peke yake. Kwa muda aliendesha pikapu bila kioo, amevaa miwani ya kuzuia cheche aliyoitoa karakana. Watoto wa Kaloleni walimshangilia akipita. Mimi nakumbuka macho yake mekundu jioni, vumbi la Jogoo Road limejaa kwenye kope, na Mama akimwosha kwa maji ya chumvi. Karo ya dada yetu mkubwa ilichelewa muhula huo. Hakuna aliyesema ni kwa sababu ya kioo, lakini nyumba ya vyumba viwili haina siri.

Kioo kilipopatikana kilitoka kwenye Peugeot iliyoanguka, na kiliwekwa Kirinyaga Road, ambako Baba na rika lake walipaita Grogan, jina la barabara hiyo enzi za ukoloni. Nilisimama nikaangalia kazi yote. Fundi alivalisha kioo mpira mnene kukizunguka. Ndani ya mfereji wa mpira akapitisha kamba, ncha zake mbili zikikutana chini. Akapaka maji ya sabuni. Msaidizi akakiegemeza kioo kwa nje, akakipiga kwa kiganja, taratibu, huku fundi akiwa ndani ya gari anavuta kamba. Kila kamba ilipotoka, mdomo wa mpira uliruka ukalalia chuma cha fremu, inchi kwa inchi, hadi ukazunguka wote. Hapakuwa na gundi. Kazi iliisha Baba akiwa hajamaliza chai yake, tukapanda tukaondoka.

Kumbukumbu hiyo ndiyo iliyo vichwani mwa watu wengi wa umri wangu tunapofikiria kubadilisha kioo. Kioo ni dirisha, fundi anakitia, unaondoka. Na mafundi wengi wa mtaani bado wanauza kazi yao kwa kumbukumbu hiyo: nusu saa, mkubwa, unatoka.

Gari la leo ni kitu kingine. Kioo cha mbele sasa ni vioo viwili vyembamba vilivyobanwa pamoja na utando wa plastiki katikati. Wazo hilo lina zaidi ya miaka mia moja. Mfaransa Édouard Bénédictus, msanii aliyekuwa pia mkemia, aliangusha chupa ya maabara mwaka 1903, akaona imepasuka bila kutawanyika kwa kuwa ndani kulikuwa na ganda la dawa iliyokauka. Mwaka 1909 akasajili hataza ya kioo cha tabaka. Ndiyo maana kokoto ya Njiru ilitoboa tabaka la nje tu, na kidole cha mdogo wangu kikakuta ndani ni laini. Ndiyo maana pia ufa ulitambaa polepole na hakupofuka barabarani kama Baba.

Lakini mabadiliko makubwa zaidi hayaonekani. Kioo cha siku hizi kimegundishwa kwenye mwili wa gari kwa gundi ya poliurethini, na wahandisi wamekihesabu kuwa sehemu ya mifupa. Gari likipinduka, kioo kilichoshika vizuri husaidia kuzuia paa lisibonyee kwenye vichwa vya watu. Mfuko wa hewa wa abiria ukifumuka, huja juu, hugonga kioo, ndipo hugeukia kifua cha mtu. Kioo kikiwa kimeshikiliwa ovyo, mfuko unakisukuma nje na abiria anabaki bila kinga. Abiria wa teksi yoyote anayekaa mbele kushoto anakitegemea kioo hicho pasipo kujua, na anaitegemea gundi zaidi ya kioo.

Asubuhi iliyofuata mdogo wangu alianzia mtaani, kwa kijana wa kibanda kilicho karibu na steji. Aliambiwa kioo cha China, kazi na kila kitu, shilingi 9,000, nusu saa. Nilikuwa nimeenda naye. Kijana alikuwa mchangamfu na nadhani alikuwa mwaminifu kwa alivyofundishwa. Nilimwuliza anatumia gundi gani, akanionyesha mrija wa silikoni, ile ya kuzibia sinki na madirisha ya alumini. Alikuwa ameshaufungua. Harufu yake ilikuwa ya siki.

Harufu hiyo inafaa kila mwenye gari aijue. Silikoni ya namna ile hutoa asidi ya siki inapokauka, na asidi hiyo inakula chuma. Itaziba maji msimu mmoja wa mvua, labda miwili, huku chini yake fremu inaota kutu, na kioo kitakachofuata hakitapata mahali pa kushika. Na nguvu ya kushikilia paa haina. Nilimshukuru kijana, nikamvuta mdogo wangu mkono.

Kariobangi Light Industries ilitupatia mzee mmoja mwenye duka dogo katikati ya wachomeleaji na watengeneza masufuria. Yeye alitaja 14,500. Mdogo wangu alinitazama kwa jicho la kusema nimempotezea 5,500. Mzee akaliona jicho lile, akaanza kueleza huku anafanya kazi, na nilichokiona kwa saa zilizofuata ndicho kilichonifanya niandike haya.

Kwanza alifunika dashibodi na boneti kwa mablanketi ya zamani. Akatoa waipa, akatoa plastiki ya chini. Akatoboa gundi ya zamani kwenye kona kwa sindano ndefu, akapitisha waya mwembamba wa chuma, yeye mikono nje, msaidizi wake mikono ndani. Wakawa wanavuta kama watu wanaokata gogo kwa msumeno, waya ukila gundi kuizunguka fremu yote. Kioo kilipotoka, hakuikwangua gundi ya zamani hadi kwenye rangi. Aliikata kwa kisu bapa akaacha utando mwembamba, kwa sababu, alisema, gundi mpya hushika gundi ya zamani vizuri kuliko inavyoshika chuma. Mahali pawili kisu kilikuwa kimekwaruza rangi. Alipapaka praima nyeusi, akapuliza, akangoja. Mdogo wangu alitazama saa. Mzee hakutazama.

Kisha akachukua mrija wa gundi, akaukata mdomo wake kwa umbo la pembetatu, na akaitoa mstari mmoja bila kukatisha kuzunguka fremu nzima. Mkono wake haukusimama. Mahali mstari unaposimama, alisema, ndipo maji yatakapopita. Wakakibeba kioo kwa vishikio vya mpira vya kufyonza, wakakitua mara moja, wakakifunga kwa selotepu kutoka kwenye kioo hadi kwenye paa.

"Haya mzee, nikulipe niende," mdogo wangu alisema.

"Utanilipa, lakini hii gari hutoki nayo saa hii."

"Mzee, mimi niko kazini. Nimepoteza asubuhi."

"Ukitoka sasa, tuta la kwanza hapo Outering litaisukuma hiyo windskrini kabla haijashika. Usiku ukibeba mama ya mtu hapo mbele ukagongwa, utasema ni mimi niliitengeneza. Wacha ilale."

Gundi ya poliurethini hukauka kwa kunyonya unyevu wa hewa. Kuna zinazoshika kwa saa moja, kuna zinazotaka kutwa, kutegemea aina na hali ya hewa, na maelezo yameandikwa kwenye mrija wenyewe. Ile aliyoweza kuinunua mzee ilikuwa ya taratibu. Ile ya haraka ipo Nairobi, kwa bei yake, kwenye maduka makubwa ya Industrial Area yanayohudumia kampuni za bima.

Hapo ndipo bei halisi ilipojitokeza. Tofauti kati ya kibanda na mzee haikuwa 5,500. Siku nzima ya teksi, ukiondoa mafuta na makato ya kampuni ya programu, ilikuwa inampa mdogo wangu shilingi 2,500, wakati mwingine 3,000, na kutoka hapo anaweka hesabu ya mwenye gari. Mwenye gari haulizi kioo. Kwa hiyo kioo kilichowekwa sawasawa kingemgharimu 14,500 na siku mbili za kazi, na siku hizo mbili ndizo zilizomtisha, kwa kuwa pesa ya kioo angeweza kuikopa kwenye simu lakini hesabu ya Jumapili haikopeki kirahisi. Dereva aliye kwenye hali hiyo akichagua nusu saa na silikoni, mimi simlaumu. Anajua anachofanya. Amepiga hesabu, na kwenye hesabu yake abiria wa kushoto hayumo, kwa kuwa hakuna aliyemweka.

Nilimkopesha zile siku mbili. Kioo alilipa mwenyewe. Tulirudi Umoja kwa matatu, na gari likalala Kariobangi.

Tangu hapo, mtu wa familia akiniambia kioo chake kimeguswa na jiwe, namwuliza kwanza lini. Kidoa kikiwa kipya, kidogo, na hakiko mbele ya macho ya dereva, kuna mafundi wanaokijaza utomvu maalumu kwa sindano, wanakausha kwa taa, na ufa hauendi mbali. Kazi hiyo hugharimu sehemu ndogo ya bei ya kioo kipya, na gari linatoka siku hiyo hiyo kwa uhalali, maana gundi ya kiwandani haijaguswa. Kinachohitajika ni kukifunika kidoa kwa kipande cha selotepu safi mara tu kinapotokea, kisiingie maji na vumbi, na kwenda upesi. Vumbi la Eastlands likishaingia ndani, utomvu haushiki vizuri. Nimeuliza madereva wengi wa steji za Umoja na Komarock kama wanaijua huduma hii. Wengi wanadhani ni ya magari ya matajiri wa Karen.

Mambo ya bima nayo yanahitaji kusemwa bila kuficha. Bima ya lazima, ile inayotokana na sheria ya Sura ya 405, haigusi kioo chako. Bima kubwa kwa kawaida ina kipengele cha kioo chenye kikomo chake. Nimeona mikataba mingi yenye kikomo cha 30,000 au 50,000, na ukitaka zaidi unaongeza malipo mwanzoni. Kwa Fielder kikomo hicho kinatosha na kubaki. Tatizo la teksi za Eastlands liko kwingine: gari limekatiwa bima ya matumizi binafsi ilhali linabeba abiria wa kulipa. Kampuni ikigundua, ina haki ya kukataa dai, na kioo ni kitu kidogo tu katika vitu itakavyokataa. Dereva hajui, kwa kuwa mkataba uko Syokimau. Ningekuwa na uwezo, kila dereva anayekabidhiwa gari la mtu angeonyeshwa mkataba wa bima siku ile ile anayopewa ufunguo.

Na jiwe la maandamano si sawa na jiwe la lori. Watu waliovunjiwa vioo kwenye maandamano ya Machi 2023 na ya Juni 2024 walijifunza hilo. Fujo za kisiasa mara nyingi zimeondolewa kwenye bima ya kawaida mpaka uzilipie kando. Nilipozisikia habari hizo nilimfikiria Baba na gunia lake. Miaka zaidi ya 30 imepita, jiwe kwenye njia za Eastlands bado linalipwa na aliyepigwa.

Kuna gharama nyingine inayokuja na wengi hawajaiona. Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo magari yanayoshuka Mombasa sasa ni yale ambayo Japani ilikuwa imeanza kuyawekea kamera nyuma ya kioo, ya kuona mistari ya barabara na kulifungia breki gari lenyewe kabla ya kugonga. Toyota ilianza kuuza mfumo wake huo mwaka 2015. Subaru ilitangulia. Ukibadilisha kioo cha gari hilo, kamera lazima ielekezwe upya kwa mashine, kwani ikikosea kidogo tu pale juu, inakosea pakubwa kule mbele. Nimeona kamera hizo zikirudishwa kwa selotepu ya pande mbili. Taa ya onyo ikiwaka kwenye dashibodi, inafunikwa na kipande cha stika. Mzee wa Kariobangi magari hayo huyakataa. "Hiyo sina mashine yake," husema, na kumwelekeza mtu Industrial Area, akijua amempoteza mteja. Vyuo vyetu vya ufundi vingekuwa na kozi fupi ya kazi hii, hata ya wiki chache, na mashine moja ya pamoja pale Light Industries ambayo mafundi wangeikodi, wazee kama yeye wasingelazimika kuchagua kati ya uaminifu na chakula. Serikali ya kaunti inajenga masoko na vibanda. Ingeweza kufikiria mashine hiyo pia.

Lakini hata tukiwa na mafundi wote bora na bima zote sahihi, tutakuwa bado tunalipia kitu ambacho hakikupaswa kutokea. Sheria ya trafiki inataka mzigo ufungwe usidondoke barabarani. Turubai na kamba za lori moja, ukizigawanya kwa safari za mwaka, ni pesa ambayo mwenye lori hataihisi. Asipolinunua, gharama yake haipotei. Inarukia Fielder, inarukia matatu ya Kayole, inamrukia mwenye pikipiki ambaye hana kioo kabisa na kokoto inamfika usoni. Madereva wa malori niliozungumza nao wanasema wanalipwa kwa safari, na kufunika na kufunua kunawala muda. Nawaamini. Ni saa zile zile, mzigo ule ule wa kukimbizana na siku, unaosukumwa kutoka kwa mtu mmoja hadi kwa mwingine nyuma yake.

Mdogo wangu alimfuata dereva wa lori lile hadi taa za barabarani, siku ile ya kwanza. Aliambiwa, "Wewe uliza ni nani alikuambia unifuate karibu." Hakuwa na ushahidi, na bila ushahidi hakuna bima ya lori itakayokusikiliza. Sasa amebandika kamera ndogo kwenye kioo kipya, ya shilingi 4,000, inayorekodi barabara muda wote injini ikiwaka. Namba ya lori itaonekana, kokoto itaonekana, na saa itaonekana pembeni ya picha. Wenzake watatu wa steji wamenunua kama hiyo. Wamekubaliana kwamba wa kwanza kupigwa ataipeleka kesi hadi mwisho, na wengine watamchangia hesabu ya siku atakazokaa kituoni na mahakamani.